Wazee wananiguna, vijana wananitengenezea stika

SWALI

Shikamoo Mama,

Nina miaka 34, ni afisa utumishi katika kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi mkoani Dodoma. Mahindi mengi tunayachukua Kibaigwa, unga wetu unauzwa hapa hapa, Singida na kidogo Dar es Salaam. Tuko wafanyakazi 70 na ushee. Nakuandikia kwa sababu nimechoka kuwa kichekesho cha kiwanda.

Mwaka jana mkurugenzi alileta washauri kutoka Dar. Wakakaa hotelini siku mbili na menejimenti, wakatoka na dira, dhamira na tunu tano. Zilikuja kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyezitafsiri: Uaminifu, Ubunifu, Umiliki, Mteja Kwanza, na Sisi ni Familia. Januari tukazizindua kwa fulana, pilau na soda. Mabango yakapachikwa kuanzia getini hadi chooni. Kila mtu akapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni, nyuma yake zimeandikwa tunu zote tano.

Nianze na wazee. Wapo kama 20, umri wao ni miaka 50 kwenda juu, na wengine walianza kazi na Mzee mwanzilishi, baba yake mkurugenzi, ambaye sasa ni marehemu. Siku ya uzinduzi nilipomaliza kueleza Umiliki, kwamba kila mmoja wetu aione kampuni kuwa ni yake, mzee wa mizani akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, huo umiliki wetu ni hisa ngapi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hadi leo nikipita godauni nasikia "habari za hisa, mama". Kwenye vikao hawabishi. Wanaitikia "sawa, sawa", kisha wanarudi kufanya walivyozoea. Ukiwabana, wanakwambia enzi za Mzee hapakuwa na bango hata moja. Alikuwa anafika asubuhi na kanzu yake, anachagua mfuko mmoja kwenye rundo lililofungwa usiku, anaupandisha mizani kwa mikono yake, ndipo anaingia ofisini. Sasa hadithi za marehemu mimi nizifanyie nini?

Vijana ndio kabisa. Bango la Sisi ni Familia wamelipiga picha, wakaligeuza stika ya WhatsApp. Mtu akiambiwa abaki zamu ya usiku, stika. Akikatwa hela ya kuchelewa, stika. Mmoja alipanga upya mapaleti bila kumuuliza mtu ili cherehani ya mifuko iende haraka, akaandikiwa ajieleze. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: "Nilikuwa natekeleza tunu namba mbili."

Na nidhamu imeshuka pande zote mbili. Juni, lori la mteja wa Singida lilikuwa linasubiri tangu alfajiri, mifuko ya kilo 25 ikawa inasoma 24.3. Msimamizi wa zamu akasema ipakiwe hivyo hivyo, mteja ameshapiga simu mara tatu. Mzee wa mizani akagoma kusaini karatasi ya mzigo, akaenda zake kukaa kwenye benchi. Msimamizi akamwita kijana wa cherehani asaini badala yake. Kijana naye akatoa simu, akapiga picha kioo cha mizani, akaitupia kwenye grupu. Mwishowe msimamizi alisaini mwenyewe, lori likaondoka saa 4. Mzee na kijana wote wawili walipewa barua za onyo. Nilizichapa mimi.

Sasa mkurugenzi anataka kampeni mpya, tena mbili tofauti. Wazee wafanyiwe semina, vijana warekodiwe video za TikTok wakicheza na kutaja tunu. Baada ya hapo utakuwepo mtihani, na atakayeshindwa kutaja zote tano kwa kichwa atakosa bonasi ya Desemba. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi. Naomba unisaidie, Mama: niwaambie wazee kwa lugha gani, na vijana kwa lugha gani, ili ujumbe uleule uwaingie wote?

Niliye Katikati, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, hasa hapo kwenye hisa. Mara ya pili kicheko kikaniisha nilipofika kwenye lori la Singida.

Umelitaja jambo lile kama mfano wa utovu wa nidhamu. Hebu lisome tena ukiwa umeivua ile kadi ya shingoni. Mzee na kijana, ambao nina hakika hata chai hawanywi pamoja, siku moja, mbele ya mizani moja, wote wamekataa kumuuzia mtu unga pungufu. Hawakupangana. Mzee amekataa kizee, kwa kunyamaza na kwenda kukaa. Kijana amekataa kiujana, kwa simu. Bango lenu la kwanza linasema Uaminifu, na asubuhi ile waliolifuata walikuwa wawili tu, nanyi mkawaandikia barua.

Gramu 700 si vumbi. Tuseme lile lilikuwa lori la tani 10, yaani mifuko 400. Hizo ni kilo 280. Mtu wa Singida amelipia mifuko 11 ambayo haikupanda kwenye gari lake, na siku Wakala wa Vipimo watakapobisha hodi hawataangalia ukutani mmeandika nini.

Kwa hiyo swali lako la lugha lisubiri. Watu wako wameshawaelewa, tena wamewaelewa vizuri mno, ndiyo maana wanacheka.

Mimi nilianza kazi mwaka 1983, masjala ya kiwanda cha nguo. Kizazi chetu kililishwa tunu kabla hazijaitwa hivyo. Tukiwa shule ya msingi tulikariri ahadi za mwana-TANU kwa sauti moja: Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. CCM ilipozaliwa 1977 ikazirithi, kwa hiyo wazee wako nao wamezipitia. Pale kiwandani alikuwepo bwana mmoja wa ghala aliyezitaja vizuri kuliko sote, hata kwenye sherehe za Mei Mosi alikuwa anasimamishwa mbele. Alipohamishwa, ghala likahesabiwa, majora ya vitenge yakakutwa pungufu hadi mhesabuji akarudia mara tatu. Mtihani huo wa mkurugenzi wako yule bwana angepata tano kwa tano, na bonasi juu.

Wazee niliowakuta masjala walikuwa na kisa kingine cha kusimulia, cha 1971, TANU ilipotoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Kiliandikwa kuwaelekeza viongozi. Wafanyakazi wakakisoma, wakakielewa, na miaka michache iliyofuata ikawa migomo, huku meneja mwenye mdomo mchafu akitajiwa kifungu kwa namba yake. Ukipachika neno ukutani, unampa kila anayelisoma pa kukushikia. Stika ya vijana wako ni kifungu cha 15 kilichoingia kwenye simu. Na yule aliyejieleza kwa "tunu namba mbili" wala hakuwa na utani. Amesoma mlichoandika, akafanya, mkamwandikia. Kwani baada ya kupanga yale mapaleti, cherehani ilikwenda haraka au haikwenda? Kwenye barua yako hukusema.

Si kwamba wazee na vijana ni kitu kimoja. Wanatofautiana sana, ila si pale mkurugenzi anapodhani. Mzee wa miaka 57 anahesabu michango yake NSSF, anawaza 60 itamkuta na nini. Kijana wa 23 anawaza mkataba wake unaisha lini na kama utaongezwa. Waambie wote wawili kwa maneno yaleyale, "iione kampuni ni yako." Mzee anasikia miaka yote hii na sina hata hisa moja. Kijana anasikia miezi michache hii na kesho siijui. Neno Umiliki umelitafsiri sawasawa, mwanangu, kamusi haina kosa. Limewafikia watu wasiomiliki kitu.

Neno familia ni kubwa zaidi. Kwa mzee, kazini kuwa familia ni jambo lenye ushahidi: siku alipofiwa gari la kiwanda lilibeba msiba, au halikubeba. Anakumbuka tarehe. Kwa kijana wako familia ni ile stika, yaani kubaki usiku. Na hapa nakuuliza kama mtu wa utumishi kwa mtu wa utumishi: wanaobaki wanalipwa ziada? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5. Kama kuna mtu anabaki bila hivyo, bango la Familia lishushwe leo jioni, kimyakimya, wala usilitafutie mbadala. Ndugu hakatani mshahara na ndugu.

Yupo mtu mmoja barua yako imempita tu. Umeniandikia wazee, umeniandikia vijana. Msimamizi wa zamu umemtaja kama anavyotajwa dereva wa daladala katika habari ya ajali. Nakisia ana miaka 40 na kitu. Yeye ndiye aliyesema "ipakiwe", na kabla hatujamlaani tujiulize: kila jioni akipigiwa simu anaulizwa nini? Naweka dau anaulizwa "leo zimetoka tani ngapi?" Hakuna aliyewahi kumpigia kumuuliza mizani imesoma ngapi. Kwa hiyo ana mabwana wawili, bango na simu, na bango halipigi. Rika hili la katikati ndilo linalogeuza tunu kuwa amri saa 3 asubuhi lori likiwa linanguruma, na hakuna anayelifanyia semina wala TikTok. Kama una muda wa kuzungumza na kundi moja tu kabla ya mwisho wa mwezi, zungumza na wasimamizi wa zamu wote. Waulize: mnahitaji nini ili muweze kuzuia lori bila kuogopa? Jibu watakalokupa liandike, hilo ndilo la kumpelekea mkurugenzi.

Kwa mzee wa mizani, usimwite ofisini. Nenda kwenye lile benchi, ukae. Shikamoo yako iwe ya kweli. Mwambie barua ile uliichapa wewe na umegundua ilikuwa na kosa. Mtu wa umri wake akikosewa mbele ya vijana, hasahau. Ukimsahihishia pembeni peke yake, nusu ya deni bado inabaki. Kwa hiyo barua zote mbili zifutwe kwa maandishi, na ifahamike kiwandani kwamba zimefutwa. Hapo akikupa ushauri utausikia kwa mafumbo, uwe na subira, ndiyo lugha yake. Na usimpe "mafunzo". Anajua mizani inavyodanganya wakati wa baridi, wakati wa vumbi, na ikisogezwa inchi mbili kutoka ilipozoea. Mwombe amfundishe kijana wa cherehani.

Kijana naye ana chake. Picha aliyoipiga ndiyo kumbukumbu pekee mliyo nayo ya siku ile. Badala ya kumwonya, mpe kazi: kila saa apige picha kioo cha mizani, zikae mahali msimamizi na mzee wanaweza kuziona. Ile simu itakuwa imepata ajira. Ila grupu lao usiliingie. Kila kiwanda kina kijiwe chake cha kusengenya wakubwa. Zamani kilikuwa bombani, sasa kiko WhatsApp, na bosi akikaribia kinahama.

TikTok naomba uikatae kwa sababu mbili. Kwanza, sura ya mtu ni yake. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na "cheza au ukose bonasi" huwezi kuuita ridhaa. Pili, hakuna kijana anayemcheka mtu kama anavyomcheka mkubwa aliyevaa ujana.

Nije kwa yule marehemu mwenye kanzu, ambaye umeuliza umfanyie nini. Yeye ndiye jibu la barua yako, mwanangu. Alikuwa na tunu moja, nayo ilipandishwa mizani kila asubuhi mbele ya macho ya watu. Mzee aliiona na kijana angeiona, tena bila tafsiri. Mwaka 1973, nikiwa darasa la tano, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Karibu watu milioni mbili nchi nzima walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kitabu. Kikundi cha baba kilikutana chini ya mwembe wetu. Redio ilikuwa ya betri, ikikoroma inapigwa kofi, inaendelea. Kilichonibakia si maneno ya redio. Ni kwamba wiki ya kikao cha choo, mwenyekiti wa kikundi, mtu mwenye kitambi chake, alishika sururu akaanza kuchimba cha kwake, na jioni baba akaazima sururu hiyohiyo. Kikundi kile kilikuwa na babu wa miaka 70 na vijana waliooa juzi, na hakuna aliyetengeneza kampeni mbili.

Kwa hiyo mkurugenzi afike asubuhi, achague mfuko mmoja, aupandishe. Kanzu si lazima. Ukisoma 24.3, uteremshwe na rundo lote lipimwe upya, lori lisubiri. Afanye hivyo wiki nne mfululizo kabla hujachapisha karatasi nyingine.

Najua unajiuliza utamwambiaje. Usimwambie "wafanyakazi wanasema", atataka majina. Usimwambie "tumekosea", atauliza nani. Nenda na hesabu ya kilo 280 kwenye karatasi ndogo, umwambie: "Bosi, kabla sijaandaa kampeni naomba dakika 10 pale mizani, kuna kitu Mzee alikuwa anafanya nataka unionyeshe." Mtoto hakatai kuonyesha kazi ya baba yake. Akishaushika mfuko, maneno mengine yatakuja yenyewe. Na kama atakataa hata hapo, utakuwa umejua mapema kwamba kazi uliyopewa haifanyiki, jambo ambalo ni afadhali kulijua kabla ya Desemba.

Maneno ukitaka kuyaweka ukutani baadaye, sina ugomvi nayo. Yaandike kama mtu anavyosema akiwa kazini, palepale jambo linapotokea. Kwenye mizani: "Mfuko chini ya kilo 25 hautoki, hata lori likisubiri. Yeyote anaweza kuuzuia." Kwenye chekeche: "Ukiona limechanika zima mashine kwanza, uliza baadaye, hukatwi." Mawili yanatosha kwa mwaka huu. Na ujue ukishaandika "yeyote anaweza kuuzuia", siku moja kibarua wa wiki ya kwanza atauzuia kimakosa, lori litachelewa bure, na kiwanda kizima kitageuka kukutazama wewe utafanya nini. Siku hiyo mlipe yule mtoto siku yake kamili, umpeleke kwa mzee akaonyeshwe mizani inavyosomwa.

Lile swali la hisa mpelekee mkurugenzi kama lilivyo. Mzee wa mizani alikuwa anauliza kweli.